Faragha, Utunzaji wa Siri na Ufichaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara nchini Uganda

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa kliniki, shuleni, katika mikutano ya kijiji, katika vikao vya vyama vya kuweka na kukopa, na katika ofisi za mawakili. Wanaouliza huwa na shida halisi: mtu ametangazwa ugonjwa wake, mtoto ameaibishwa kwa sababu ya karo, mwanachama amenyimwa hesabu za chama chake. Mara nyingi majibu wanayopewa huwapotosha kwa sababu faragha, utunzaji wa siri na ufichaji huchanganywa na kuonekana kuwa jambo moja.

Mambo haya matatu yanatofautianaje?

Faragha ni haki ya mtu ya kuamua nani akaribie mwili wake, nyumba yake, mawasiliano yake na habari zake, na nani abaki nje. Haki hii haingoji mtu wa pili awepo. Anayeoga, anayesali au anayesoma barua yake chumbani ana faragha hata kama hakuna mtu yeyote aliyemwambia neno.

Utunzaji wa siri huanza pale mtu anapomfungulia mwingine mlango huo kwa shughuli maalumu. Mgonjwa humweleza daktari, mteja humweleza wakili, na mwajiriwa huipa ofisi ya utumishi namba yake ya kitambulisho na ya benki. Hapo wajibu humwangukia aliyepokea, kama jirani aliyeachiwa ufunguo wa nyumba: anaweza kuingia kumwagilia maua, lakini ruhusa hiyo haimpi haki ya kuwaingiza wengine.

Ufichaji ni kumzuia mtu kwa makusudi asijue jambo. Unaweza kuwa halali na unaweza kuwa uovu, kutegemea kama aliyezuiwa ana haki ya kujua. Kwa hiyo, jambo lolote linapoitwa siri, inafaa kuuliza kwanza habari hiyo ni ya nani, nani alikabidhiwa na kwa kazi gani, na nani ataumia ikiendelea kufichwa.

Sheria za Uganda zinasema nini?

Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 1995 inakataza upekuzi usio halali wa mtu, nyumba au mali yake, na inakataza kuingilia faragha ya nyumba, barua na mawasiliano. Ibara ya 41 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa pale ambapo kuzitoa kunaweza kudhuru usalama au mamlaka ya nchi, au kuingilia faragha ya mtu mwingine. Mizani yote imo katika ibara hizo mbili: raia amefunikwa, na dola imefunuliwa.

Chini ya Katiba kuna Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2021. Ipo pia Sheria ya Siri za Serikali, iliyotungwa mwaka 1964, miongo mitatu kabla ya Katiba ya sasa, na inafaa kusomwa kwa kukumbuka tofauti hiyo ya umri. Utunzaji wa siri wa madaktari, mawakili na mabenki umetawanyika katika sheria na kanuni za kila taaluma.

Muuguzi hakumwambia mtu yeyote ugonjwa wangu. Je, bado faragha yangu inaweza kuwa imevunjwa?

Ndiyo, na hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Vituo vingi vya afya hutenga siku na benchi maalumu kwa wanaochukua dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Nia ni njema, kwa kuwa kazi huenda haraka na dawa hazichanganyiki, lakini katika mji mdogo ambako kila mtu anamfahamu mwenzake, anayekaa kwenye benchi lile siku ya Jumanne amekwisha kutangazwa. Hakuna mhudumu aliyefungua mdomo. Wajibu wa kutunza siri umetimizwa, na faragha imevunjwa kwa mpangilio wa viti.

Hali ni hiyo hiyo pale jina la mgonjwa linapoitwa kwa sauti pamoja na jina la kliniki anayokwenda, au pale kijitabu cha mazoezi ambacho wagonjwa wengi wa Uganda hutumia kama rekodi yao ya matibabu kinaporundikwa mezani kikiwa wazi, kila apitaye akisoma. Chumba cha ushauri chenye pazia badala ya mlango kina kasoro ileile.

Kinyume chake pia hutokea. Mgonjwa anaweza kupokewa katika chumba kilichofungwa, akasikilizwa kwa heshima, kisha jioni mhudumu akasimulia mkasa wake sokoni bila kumtaja jina, lakini kwa maelezo yanayotosha kila mtu kumtambua. Hapo faragha ililindwa wakati wa huduma na utunzaji wa siri ukavunjwa baadaye. Kuficha jina peke yake hakutoshi ikiwa wasikilizaji wanajua kijiji, kazi na idadi ya watoto.

Tofauti hii ina faida kwa anayelalamika. Kosa la kwanza hurekebishwa kwa kubadili mpangilio: kuchanganya foleni, kuita kwa namba, kuweka mlango. Kosa la pili ni la mtu, naye anapaswa kujibu mbele ya mwajiri wake na baraza la taaluma yake. Malalamiko yakielekezwa kusiko, kituo hujibu kwa ukweli kabisa kwamba hakuna mhudumu aliyetoa siri, na benchi hubaki palepale.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Je, faragha haiwi kikwazo kwa afya ya jamii?

Methali hiyo inamhusu anayejinyima msaada kwa kuficha, nayo ni kweli tupu. Mgonjwa anayemficha daktari dalili zake hajilindi kwa lolote. Lakini methali haisemi kwamba maradhi yatangazwe kwa kila mtu. Inamtaka mgonjwa aseme kwa anayeweza kumtibu, na ndiyo sababu anayetibu akapewa wajibu wa kutunza siri: bila wajibu huo mgonjwa hatasema.

Historia ya Uganda inaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1986 serikali ilikiri waziwazi kwamba UKIMWI umeingia nchini, wakati ambapo nchi nyingine kadhaa ziliona aibu kusema hivyo. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO la kuwahudumia wenye virusi. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alijitokeza na kusema kwamba yeye mwenyewe anaugua, akazunguka shuleni na makanisani akizungumza na vijana hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo.

Serikali ilipotangaza ugonjwa, iliacha kuficha jambo la umma, na ilistahili kufanya hivyo. Lutaaya alipotangaza hali yake, alitoa kitu kilichokuwa chake, kwa hiari yake, kwa faida ya wengine. Tendo lake lilikuwa la kishujaa kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki ya kumlazimisha. Iwapo daktari wake angemtangaza kwanza, habari ingekuwa ileile, lakini lingekuwa kosa dhidi ya mgonjwa, na wagonjwa wengine wangekimbia hospitali.

Vivyo hivyo, mlipuko wa Ebola ulipotangazwa Mubende Septemba 2022, umma ulistahili kujua wilaya zilizoathirika, dalili na njia za kujikinga. Waliokuwa wakifuatilia waliokutana na wagonjwa walihitaji majina. Jirani na mpita njia hawakuyahitaji, na picha za familia zilizofiwa zilizosambazwa kwa simu hazikumkinga mtu yeyote.

Je, daktari anaweza kumweleza mwenzi wangu majibu yangu ya virusi vya UKIMWI bila idhini yangu?

Kanuni ni kwamba majibu hupewa aliyepimwa, au mzazi na mlezi ikiwa ni mtoto. Hata hivyo, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2014 inaruhusu majibu yatolewe kwa mtu aliye na mgusano wa karibu au wa kudumu na mwenye virusi, akiwemo mwenzi wa kimapenzi, pale daktari anapoona kuwa mgusano huo una hatari dhahiri ya kuambukiza. Watetezi wa haki za binadamu waliupinga msimamo huo tangu sheria ilipojadiliwa, wakihofu kwamba wanawake, ambao hupimwa kliniki wakiwa wajawazito kabla ya waume zao kupimwa, ndio watakaolaumiwa na kufukuzwa nyumbani.

Hoja hiyo si ya Uganda peke yake. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo la California, Marekani, iliamua kwamba mtaalamu wa afya ya akili ambaye mgonjwa wake anatishia kumdhuru mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu huyo, hata kama itabidi siri ivunjwe. Maana yake ni kwamba utunzaji wa siri ni wajibu mzito usio na ukomo wa wakati, lakini una ukomo wa hatari. Kwa maoni yangu daktari anayefikia hatua hiyo aanze kwa kumsaidia mgonjwa aseme mwenyewe, amweleze mapema nia yake, na atoe tu kile kinachohitajika kumkinga anayehatarishwa. Anayepiga simu kwa shemeji na mama mkwe hamkingi mtu.

Nilifundishwa kwamba mambo ya nyumbani hayatolewi nje. Je, ninapolalamika kwamba napigwa, ninavunja faragha ya familia?

La. Baganda husema «eby’omu nju tebittottolwa», yaani mambo ya nyumbani hayasimuliwi nje, na mafunzo kama hayo hupewa bibi harusi katika makabila mengi ya Uganda, iwe kwa ssenga, yaani shangazi wa upande wa baba, au kwa shangazi na bibi wa upande mwingine. Mafunzo hayo yana hekima yake. Ndoa haiwezi kudumu ikiwa kila ugomvi wa chumvi unapelekwa kisimani, na mambo ya kitandani ni faragha ya watu wawili.

Lakini faragha ya nyumba ni haki ya kila aliye ndani yake, mke na watoto wakiwemo. Anayepigwa ni mwenye habari ya mwili wake mwenyewe, na anapoisema hasemi siri ya mwingine. Anayemtaka anyamaze halindi faragha. Anaficha kosa, na kwa kuwa kosa hilo linaendelea kuumiza, ufichaji huo ni sehemu ya kosa lenyewe. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 imejengwa juu ya msingi huu, nayo inaruhusu malalamiko yapelekwe hata katika mahakama ya baraza la kijiji, si polisi peke yake.

Wale wanaopokea malalamiko hayo, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mchungaji, sheikh au shangazi, hukabidhiwa siri papo hapo. Wanapaswa kuipeleka panapohitajika ili aliyeumia apate msaada, na kuinyamazia kwingine kote. Tumeona mara nyingi mambo yakienda kinyume: mezani panaposuluhishwa watu hunyamaza kuhusu adhabu ya mpigaji, na kijijini kote wakasimulia aibu ya aliyepigwa. Huo ni uonevu wa pili.

Ni vyema pia kukumbuka methali nyingine isemayo mficha uchi hazai. Anayehitaji msaada hana budi kufunua, na anayefunuliwa hana budi kustahi.

Je, mume au mke ana haki ya kukagua simu ya mwenzake?

Ndoa haifuti Ibara ya 27. Mawasiliano ni ya aliyeyapeleka na aliyeyapokea, na kuingia katika kifaa cha mtu bila ruhusa yake kunaweza kuwa kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Hata vyombo vya usalama, ili visikilize mawasiliano kwa mujibu wa Sheria ya Uingiliaji wa Mawasiliano ya mwaka 2010, vinatakiwa kupata kibali cha jaji. Wanandoa wanaoamua kwa hiari kufunguliana simu zao hawajakosea. Wakati huohuo, faragha ya simu si kinga kwa anayemficha mwenzake deni lililowekewa rehani kiwanja cha familia, maana deni hilo ni la wote.

Kwa nini mikataba ya mafuta ilifichwa, na je, kufanya hivyo ni utunzaji wa siri au ni ufichaji?

Mafuta yanayotosha kuchimbwa kibiashara yalithibitishwa katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006. Serikali iliingia mikataba ya kugawana mafuta yanayozalishwa na kampuni za kigeni, na wananchi walipotaka kuisoma waliambiwa kwamba ina kifungu kinachozitaka pande zote kutunza siri. Waandishi wa habari wawili, Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama, walikwenda mahakama ya Nakawa wakitumia Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa, wakiomba mikataba itolewe. Februari 2010 mahakama iliwakatalia, kwa maelezo kwamba hawakuonyesha kwamba manufaa ya kuitoa kwa umma yanazidi madhara.

Kesi hii inafaa kufundishwa kila mahali panapozungumzwa habari za siri, kwa sababu pande mbili za mkataba zilitumia lugha ya utunzaji wa siri dhidi ya mwenye mali. Utunzaji wa siri humlinda aliyetoa habari zake kwa mwingine. Katika mikataba ile, kampuni ilikuwa na baadhi ya mambo yake halali, kama mbinu za kitaalamu na takwimu za miamba ilizozigharimia, na hayo yanaweza kutunzwa. Lakini kiwango cha mrabaha, mgawanyo wa mapato na wajibu wa kusafisha mazingira si mambo ya kampuni wala ya waziri. Ibara ya 244 ya Katiba inayaweka madini na mafuta mikononi mwa serikali kwa niaba ya Jamhuri. Wakala hawezi kukubaliana na mtu wa tatu kwamba mwenye mali asijue mali yake inauzwaje, kisha akaiita hatua hiyo uaminifu.

Mwaka 2020 Uganda ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi katika sekta ya madini na mafuta, EITI, ambao unataka mikataba iliyotiwa saini au kurekebishwa kuanzia Januari 2021 iwekwe wazi. Hilo ni badiliko kubwa la msimamo, na ni haki kulisema, ingawa mikataba ya awali ndiyo iliyobeba uzito mkubwa zaidi.

Je, serikali haina haki ya kuficha jambo lolote?

Inayo. Hakuna mwenye akili anayetaka mpangilio wa askari mpakani utangazwe redioni, wala karatasi za mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, zionekane kabla ya siku yake. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005 yenyewe imezilinda kumbukumbu za vikao vya Baraza la Mawaziri, taarifa za usalama wa taifa, habari za kibiashara za watu wengine na rekodi za afya za watu binafsi.

Ufichaji halali una sura yake. Unataja sababu inayoweza kupimwa na mtu mwingine, kwa mfano hakimu. Unahusu sehemu inayohitaji kufichwa tu, si faili zima. Na mara nyingi una mwisho: mtihani ukishafanywa, karatasi yake huuzwa vitabuni. Ufichaji unaotia shaka hauna mwisho, hauna wa kuupima, na anayenufaika nao ndiye aliyeuamuru. Sheria hiyohiyo inaagiza kwamba hata taarifa iliyolindwa itolewe pale inapoonyesha uvunjaji mkubwa wa sheria au hatari kubwa kwa usalama, afya au mazingira ya umma, endapo manufaa ya kuitoa yanazidi madhara.

Nimegundua wizi kazini. Nilitia saini fomu ya kutunza siri. Je, nikisema nitakuwa mvunja siri?

Fomu ya kutunza siri inalinda habari halali za mwajiri na za wateja wake. Haiwezi kugeuza wizi kuwa mali ya kampuni. Sheria ya Kuwalinda Wafichuaji wa Uovu ya mwaka 2010 inamkinga anayetoa taarifa kwa nia njema, inakataza kumwadhibu kazini, na inataka utambulisho wake utunzwe. Angalia jinsi mambo yanavyokutana hapa: ufichaji wa mwizi unavunjwa, na siri ya aliyesema inatunzwa. Fedha zikirejeshwa kwa sababu ya taarifa yake, anastahili tuzo ya asilimia 5 ya kiasi kilichopatikana.

Kinga hiyo ina mipaka yake. Taarifa inapaswa kupelekwa kwa mwajiri mwenyewe au kwa taasisi zilizotajwa, zikiwemo Ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ofisi ya mkuu wa wilaya anayemwakilisha Rais, Bunge na polisi. Vyombo vya habari havimo katika orodha hiyo. Anayekwenda gazetini moja kwa moja anaweza kuwa na haki kimaadili, lakini asitegemee sheria hii kumkinga. Apeleke pia kile tu kinachoonyesha wizi, si faili za matibabu za wafanyakazi wenzake zilizokuwa katika kabati lilelile.

Kura ya siri ni faragha au ni ufichaji?

Ni faragha yenye nguvu ya pekee, kwa sababu mwenyewe hawezi kuiuza. Ibara ya 68 ya Katiba inataka kura ipigwe kwa siri ili mpiga kura asiweze kuthibitisha kwa mwingine alimchagua nani, hata akitaka, maana anayeweza kuthibitisha anaweza kununuliwa au kupigwa. Kuhesabu, kwa upande wake, hufanywa kituoni mbele ya watu.

Katiba inaliruhusu Bunge kuondoa sharti hilo katika chaguzi zisizo za rais wala za wabunge, na ndiyo maana Julai 2018 wenyeviti wa LC1 walichaguliwa kwa wapiga kura kupanga mstari nyuma ya mgombea. Watetezi wa utaratibu huo husema kwamba ni wa gharama ndogo na kwamba hauibiki. Hata hivyo, mpangaji aliyesimama nyuma ya mpinzani wa mwenye nyumba wake, au kijana ambaye kesho atahitaji barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti aliyemkataa, ameonekana na watu wote. Naona bei hiyo ni kubwa mno.

Niliomba mkopo kwa simu, nikachelewa kulipa, na mkopeshaji akawapigia watu walio katika simu yangu. Ana haki hiyo?

Kuwa na deni hakumnyang'anyi mtu faragha. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, data binafsi hukusanywa kwa kusudi lililotajwa, kwa idhini au kwa sababu nyingine ya kisheria, na kwa kiasi kinachohitajika tu. Taarifa za fedha zimewekwa katika kundi la data maalumu, pamoja na afya, dini, siasa na maisha ya kimapenzi. Mkopeshaji anaweza kumdai mdaiwa, kumshtaki, na kumwarifu mdhamini aliyekubali kuwa mdhamini. Mjomba, mchungaji na mteja wa duka la mdaiwa hawakuingia mkataba wowote, na namba zao si mali ya mdaiwa wala ya mkopeshaji. Anayetoa data ya mtu kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 10, na kampuni inaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Kabla ya kupakua programu ya mkopo, soma inaomba ruhusa ya kufungua nini.

Je, shule inaruhusiwa kusoma majina ya wasiolipa karo mbele ya wanafunzi wote?

Deni la karo ni la mzazi. Mtoto anayesimamishwa gwaride la asubuhi anabeba aibu ya mkataba asioutia saini, na habari za fedha za nyumbani kwao zinatolewa kwa watu mia kadhaa ambao hawana kazi nazo. Barua iliyofungwa au simu kwa mzazi inatosha. Mambo ni hayohayo kwa picha na video za watoto: idhini ni ya mzazi au mlezi, iombwe kabla ya kuzisambaza.

Je, hesabu za SACCO na hati za ardhi nazo ni za faragha?

Salio la mwanachama mmoja ni lake na viongozi wanapaswa kulitunza. Hesabu za chama ni za wanachama wote, na mweka hazina anayesema «hiyo ni siri ya ofisi» anapoombwa ripoti ya mwaka anapaswa kuondolewa katika nafasi hiyo. Daftari la ardhi limewekwa ili lichunguzwe: mnunuzi hulipa ada na kuangalia jina la mwenye hati pamoja na rehani zilizopo, na utapeli mwingi wa viwanja hufaulu kwa sababu wanunuzi huona haya kuchunguza, wakidhani wanapekua mambo ya watu.

Vipi kuhusu wakili, padri na benki?

Wakili hawezi kulazimishwa kutoa aliyoambiwa na mteja, isipokuwa pale ambapo maneno hayo yalilenga kutenda uhalifu. Padri wa Kanisa Katoliki amefungwa kabisa na sheria ya Kanisa kuhusu aliyoyasikia katika kitubio, bila ubaguzi wowote. Benki hutunza siri za mteja, lakini tangu Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha ya mwaka 2013 ina wajibu wa kuripoti miamala ya kutiliwa shaka, na haruhusiwi mfanyakazi wa benki kumdokezea mteja kwamba ameripotiwa.

Nipeleke wapi malalamiko yangu?

Inategemea ni jambo gani kati ya haya matatu limeharibika. Data zako zikikusanywa kupita kiasi, zikiuzwa au zikivuja, andika kwanza kwa taasisi iliyozishika, kisha uende kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Daktari akitoa siri, lipo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na kwa mawakili lipo Baraza la Sheria. Ibara ya 27 ikivunjwa na chombo cha dola, Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda hupokea malalamiko kwa mdomo au kwa maandishi.

Ukinyimwa taarifa ya umma, andika ombi kwa afisa wa taarifa wa taasisi husika, ukieleza wazi hati unayoitaka. Huna lazima ya kueleza unaitakia nini. Anatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na akikaa kimya hadi siku hizo zipite, sheria inahesabu kwamba amekataa, nawe unaweza kwenda kwa Hakimu Mkuu. Weka nakala ya ombi lenye muhuri wa kupokelewa na tarehe, kwa sababu bila nakala hiyo ofisi inaweza kusema kwamba haikuliona.